Mwanamke Aliyebaki na Mioto

Kinya,

Umetoka na baba yako kwenda sokoni Kianjai kutafuta ndoo yenye kifuniko na kufuli la sanduku. Najua mtachelewa, kwa sababu baba yako hanunui kufuli kabla ya kuyajaribu makufuli yote ya duka. Basi mchana huu ni wangu. Sitakuandikia habari za kuvaa sweta na kuchagua marafiki. Hayo nimeyasema hadi umeanza kuyamalizia mwenyewe kabla sijafunga mdomo. Nataka kukuandikia juu ya mama yako mkubwa, Karambu. Kesho unakwenda Embu kusomea uuguzi, na kutoka Embu hadi Siakago anakoishi si mwendo wa kumtisha mtu. Utamfikia tu. Ni afadhali ufike ukijua.

Wewe unamjua kama mtu wa ndengu. Kila baada ya mavuno wachuuzi wa mbuzi hutushushia kagunia ka ndengu kalikoshonwa mdomo kwa uzi mweusi, nami nasema, "Mama mkubwa ametukumbuka." Ulipokuwa mdogo uliniuliza mbona yeye mwenyewe haji. Nikasema ana kazi nyingi, ukaamini. Ulipouliza tena ukiwa kidato cha pili, nilikutuma kuchota maji.

Haji kwa sababu yangu.

Tulizaliwa wawili tu, Karambu kwanza, kisha mimi. Jioni tulikaa jikoni kwa nyanya yetu mzaa baba, tukibambua maharagwe huku sufuria ikichemka juu ya mafiga. Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza habari za watu wetu kuhama kisiwa cha Mbwaa. Unazijua, kila mtoto wa Meru anazijua: jinsi watu wetu walivyoishi utumwani chini ya watu wa nguo nyekundu, jinsi walivyopewa kazi zisizowezekana, kama kushona viatu vyenye manyoya ndani na nje, na jinsi kiongozi wao alivyowatoa usiku, akapiga maji kwa fimbo, maji yakagawanyika, wakavuka. Wazee wakisimulia harusini hutumia sauti ya kanisani. Na katikati husema neno moja la kupita: "Waliacha mioto ikiwaka ili adui asijue wameondoka." Kisha wanarudi kwenye fimbo.

Nyanya alikuwa anasimama hapo.

"Moto wa kuni?" alikuwa akiuliza, mikono kiunoni. "Kijiji kizima, usiku kucha, unawaka peke yake? Hawa wanaume hawajawahi kupika."

Ndipo akaanza kusimulia habari za mwanamke aliyeachwa nyuma kuchochea mioto. Hakumpa jina. Alisema "mimi", kana kwamba yeye mwenyewe ndiye. Mimi nilisikia hadithi kama watoto wote wanavyosikia, nusu nikisinzia. Karambu aliacha kubambua. Mikono yake ilitulia mapajani hadi nyanya amalize.

Karambu alikuwa na akili kuliko mimi. Wewe umelelewa ukiambiwa kwamba mama yako alikuwa kichwa cha darasa. Ni kweli, lakini Karambu alikuwa ameshapita darasa hilo, na walimu waliponisifu walisema, "Kama dada yake." Alipomaliza shule ya msingi aliitwa shule ya upili ya wasichana. Mwaka huohuo mama yetu alijifungua mtoto ambaye hakuishi, na yeye mwenyewe akapooza upande mmoja. Alihitaji mtu wa kumgeuza, kumlisha, kumwosha. Nyanya alikuwa ameshazikwa. Baba alikuwa na punda wake wa kubeba maji, na punda huyo ndiye aliyetulisha.

Baba alituita sote wawili uani. "Mama yenu hawezi kukaa peke yake," alisema. "Mmoja wenu atabaki nyumbani."

Hakutaja nani. Nafikiri hakutaka kubeba neno hilo. Karambu hakumtazama baba, alinitazama mimi. Nilikuwa bado nina madarasa mbele yangu. Ningeweza kukaa mwaka, hata miwili, kisha nikarudi shule, maana wengi walifanya hivyo wakati ule na hakuna aliyewacheka. Yeye nafasi yake isingemngoja. Haya nayaandika leo kama mtu mzima, lakini usinionee huruma ukasema nilikuwa mtoto, sikuelewa. Nilielewa. Nikainama kuokota maharagwe ambayo hayakuwa yameanguka.

"Nitabaki mimi," Karambu akasema. "Huyu hata uji unamuungulia."

Baba akacheka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mimi pia nilicheka.

Ndivyo nilivyosoma, mwanangu. Mama aliishi miaka mingi katika hali ile, na Karambu alimtunza, na mchana alilima vibarua kwenye mashamba ya watu wa juu. Nilipokuwa narudi likizo nilimkuta amekuwa mpana mabegani, na viganja vyake vinakwaruza. Alikuwa akichukua vitabu vyangu na kuvisoma jikoni bila kuniuliza. Siku moja nilimnyang'anya kimoja kwa sababu alikuwa amekipaka masizi. Nakumbuka alivyopangusa vidole kwenye sketi, polepole, kidole kimoja kimoja, kisha akaenda kumgeuza mama.

Nikawa mwalimu. Nikaolewa na baba yako, tukapanga nyumba mjini Meru karibu na shule niliyofundisha wakati huo. Mama alifariki. Ulipozaliwa wewe, mimi nikiwa sina mtu wa kunisaidia na Muriuki kaka yako bado ananing'inia kwenye sketi, Karambu alishuka kutoka nyumbani kwetu Kianjai na mfuko mmoja, akakutoa mikononi mwangu na kusema, "Lete. Wewe nenda ulale." Ulilala mgongoni mwake zaidi kuliko ulivyolala kitandani. Neno lako la kwanza ulimwita yeye. Sijawahi kukuambia hilo.

Mwaka uliofuata nilipewa kazi ya kuandaa mchezo wa shule kwa ajili ya mashindano. Nikachagua habari za kuvuka maji. Lakini nilipokaa kuandika, niligundua kwamba sikumbuki. Nilikumbuka fimbo na nguo nyekundu, basi. Karambu alikuwa jikoni, wewe mgongoni, anakanda chapati, na alinipa kila kitu kwa sauti ya kawaida tu: maswali waliyoulizwa watu wetu, jinsi walivyopata ngozi ya viatu vile shingoni mwa ndama, walivyoviziba vinywa vya mbuzi wasilie njiani. Mimi niliandika mbiombio. Nusu ya maneno ya mchezo ule yalitoka kinywani mwake.

Nilipomsomea nilichoandika alisikiliza hadi mwisho.

"Na yule wa mioto?" akauliza.

"Huyo hana kazi jukwaani," nikasema. "Ni usiku, yuko peke yake, haonekani. Nitawapa watoto wafanye nini?"

"Anatembea nyumba hadi nyumba."

"Karambu, huu ni mchezo wa shule. Nina dakika chache na wavulana wengi wa kuwapa kazi."

Akageuza chapati. "Sawa, Mwalimu," akasema. Hakuwa amewahi kuniita Mwalimu.

Mchezo ulishinda. Jumamosi moja mwalimu mkuu wetu na walimu wenzangu wawili walikuja nyumbani kunipongeza. Nilikuwa nimetandika vitambaa kwenye viti, nimevaa gauni la kanisani. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kusema Kiswahili cha kupimwa, na niliogopa macho yake kuliko ya mtu yeyote. Aliniuliza nilikopata habari zile, maana kuna mambo ambayo hakuwahi kuyasikia.

"Kwa wazee wetu," nikajibu. "Niliwafuata wazee nikawauliza."

Wakati huohuo Karambu aliingia na sinia la chai. Alikuwa peku, leso imepauka, wewe mgongoni, unga bado kwenye mkono. Mwalimu mkuu alimtazama, akanitazama mimi. Tunafanana, Kinya. Yeyote mwenye macho angeona.

"Na huyu ni nani?"

Neno "dada" lilikuwa hapo. Ningelitoa bila gharama yoyote. Badala yake nilisikia sauti yangu ikisema, "Huyu ni msichana wa kazi. Anatusaidia na watoto."

Karambu aliendelea na kazi. Aliweka vikombe mezani, akaanza na mgeni mkubwa kama alivyofunzwa na mama, akamimina chai, akaweka sukari pale mkono wa mgeni unapofika. "Karibuni," akasema, akatoka. Mwalimu mkuu alimsifu. Alisema wasichana wazuri wa kazi wamekuwa adimu, nikikutana na mwingine kama yule nimletee.

Siku hiyo, giza likiingia, nilienda mlangoni pa chumba cha watoto nikitaka kusema neno. Lipi, sijui. Taa ya kibatari ilikuwa inawaka ndani na Karambu alikuwa anamsimulia Muriuki hadithi. Nikasimama nje. Alitumia ile "mimi" ya nyanya, lakini haikuwa tena sauti ya nyanya.

"Watu wa nguo nyekundu walikaa kilimani," alikuwa akisema, "na kila usiku walihesabu mioto yetu kama mtu anavyohesabu mbuzi wake. Moto mmoja ukikosekana wanashuka kuuliza. Kwa hiyo walipopanga kuondoka, ilibidi mtu abaki. Waliangalia nani hana mtoto mgongoni. Jina langu likaitwa. Hawakunilazimisha. Waliniangalia tu, mpaka nikasema nitabaki.

"Walipita mbele yangu mmoja mmoja gizani. Wengine walinigusa bega. Wengine walitazama miguu yao. Nikaanza kazi. Niliingia nyumba ya kwanza nikatia kuni, nikakohoa kama mzee wa pale. Nikaingia ya pili nikatwanga kinu kitupu ili mlio usikike. Nyumba ya tatu ilikuwa na mtoto mchanga, basi nikaimba wimbo wa kumbembeleza, na mtoto mwenyewe alikuwa ameshafika mbali na mama yake. Niligombana na mume ambaye sina. Nilicheka kama wasichana wengi. Kijiji kizima kilikuwa mimi.

"Halafu nikasikia maji yanafunguka, mbali kule, kama leso inapopasuliwa. Nikajua wanapita. Nikatia kuni. Baadaye nikasikia yanajifunga. Nikatia kuni tena."

"Kisha?" Muriuki akauliza.

"Kisha kukapambazuka."

"Wakamfanya nini?"

"Nyanya hakutuambia habari ya asubuhi. Lala."

Nilirudi sebuleni nikaosha vikombe. Ndicho kitu pekee nilichofanya. Niliosha vikombe ambavyo yeye angeviosha, nikavipanga, nikaenda kulala. Nilijidanganya kwamba atakuwa amesahau, au kwamba nitasema kesho, akiwa peke yake. Mwanangu, nimegundua kwamba ukiliacha jambo la namna hiyo lilale usiku mmoja, asubuhi linakuwa zito zaidi, na kesho yake unahitaji nguvu ambazo jana hukuzihitaji. Mimi nililiacha likalala miaka.

Karambu alikaa hadi ulipoanza kutembea. Siku ulipovuka sebule bila kushika kiti, alikushangilia, akakubeba, akakukabidhi kwangu. "Sasa anatembea," akasema. Kesho yake alikunja nguo zake. Bwawa la Kiambere lilikuwa linajengwa wakati huo na watu walisema wafanyakazi ni wengi na hawana wa kuwapikia. Baba yako alimsihi abaki, hakujua chochote. Wewe ulilia hadi ukapata homa. Mimi nilimsindikiza hadi barabarani, nikamwambia aandike. Aliitikia kwa kichwa.

Alipika Kiambere hadi bwawa likaisha, kisha akapanda Siakago akafungua hoteli yake, chumba kimoja cha mabati chenye meza na mabenchi. Kule wanamwita Mama Meru. Hakuolewa. Ana mbuzi, na shamba la kukodi analopanda ndengu. Hizo ndizo unazokula. Nimewahi kumtumia sukari na majani ya chai, naye hutuma ndengu, na watu wanaotutazama kwa mbali husema wale dada wanapendana.

Mwezi uliopita, nilipokuaga kwamba nakwenda mkutano wa walimu Embu, hakukuwa na mkutano. Nilikwenda kwake. Nilimkuta anachagua mawe kwenye ndengu, miwani imeteleza puani. Mvi zimemwenea. Aliinua uso, na kwa muda nilifikiri hanijui.

"Nkirote," akasema. "Umenenepa. Kaa."

Akaniletea chai na chapati. Nikamwambia kwamba wewe, Kinya, umekuwa mkubwa, umechaguliwa kusomea uuguzi. Akatabasamu kwa ajili yako, tabasamu lote, hadi pengo lake likaonekana. Nikaona hapo ndipo mahali pa kuanzia. Nikamwambia kwamba siku ile ya wageni nilimkosea, na siku ile ya uani pia, na kwamba nimetembea na mambo hayo.

Hakuacha kuchagua mawe. "Umetembea nayo," akasema. "Mimi nimekaa nayo."

"Nilifikiri labda ulipenda kubaki. Ulisema mwenyewe utabaki."

"Nilitaka shule." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayetaja bei. "Nilitaka shule kuliko chakula. Usinifanye mtakatifu, Nkirote, kwa sababu mtakatifu hamdai mtu pole. Nilikuangalia nikingoja useme neno moja tu. Hata ungesema 'tubadilishane', ningekataa. Lakini ningekuwa nimeulizwa."

Watu wawili waliingia wakaagiza chai, akawahudumia, akarudi. Ili niseme kitu, nikamuuliza kama anaikumbuka hadithi ya mioto, na kama aliwahi kujua asubuhi ilikuwaje.

"Asubuhi naijua," akasema. "Watu wa nguo nyekundu walishuka wakamkuta ameketi kwenye majivu, macho mekundu. Wakamuuliza, wenzako wako wapi? Akasema hajui. Wakamuuliza, wewe ni nani kwao? Akafikiri. Akisema ni ndugu yao, watamuua. Akasema, 'Mimi ni msichana wa kazi tu.' Wakamwacha aende zake. Hakuna anayehangaika kumuua mtu kama huyo."

Nilianza kulia, Kinya, mwanamke mzima, mbele ya wateja.

"Usilie hapa," akaninong'oneza. "Watafikiri chakula kina shida."

"Nisamehe, Karambu."

Aliondoa miwani akaifuta kwa leso yake. "Nikiweza nitakusamehe," akasema. "Leo nimejitazama ndani, sioni. Nikisema nimekusamehe nitakuwa nakupa chai ya jana. Kunywa hii iliyo moto, ukawahi gari."

Nilipomuuliza kama atakuja kukuaga alisema mbuzi hawana wa kuwaangalia. Alinifungia ndengu. Alinisindikiza hadi nilipopandia gari, na hakuondoka hadi lilipotoka.

Nilitaka kungoja yaishe vizuri kwanza ndipo nikuambie. Hayajaisha, na wewe unaondoka. Ningependa kukuachia mama asiye na doa. Huyu ndiye aliyepo. Niliyoyapata nimeyapata, siwezi kuirudisha elimu, wala sitaki wewe uikatae yako kwa ajili yangu. Isome yote. Ila mara nyingine, unapoona mlango umekufungukia kwa urahisi, geuka utazame ni nani ameushika. Nasema hivyo kwa sababu mimi sikugeuka, na sasa nageuka kila siku.

Nawasikia langoni, baba yako anamweleza mtu habari za makufuli. Nitaiweka barua hii chini kabisa ya sanduku, chini ya blanketi, ili uisome ukiwa umeshafika.

Jumapili ya kwanza utakayopewa ruhusa, shuka Siakago uulize hoteli ya Mama Meru. Mwite mama. Osha vyombo bila kuambiwa, kisha ukae naye. Usiende kuniombea. Usilitaje jina langu kabla yeye hajalitaja, na akikaa mwaka mzima bila kulitaja, mwaka huo ni wake.

Mama yako,
Nkirote